Finch Hatton: Bwana Aliyerudi Kuchukua Kitabu

Mwezi wa Mei hapa Voi ni mwezi wa masika yanayoaga. Vumbi letu jekundu huwa tope, na vilima vya Sagala, ambavyo kwa miezi mingi ya mwaka huonekana kama vimeungua, huvaa kijani. Katika mwezi kama huo, asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931, ndege ndogo ya viti viwili iliruka kutoka Voi, ikazunguka hewani mara mbili, kisha ikaanguka chini na kushika moto. Watu walikimbilia pale, lakini joto lilikuwa kali mno hata hapakuwa na wa kusogea. Walipofanikiwa kuuzima moto kwa matawi na udongo, waliwakuta maiti wawili. Mmoja alikuwa Kamau, mtumishi. Wa pili alikuwa bwana wake, Denys Finch Hatton, umri wake miaka 44.

Wasomaji wengi watakuwa wamelisikia jina hili. Iko kambi ya watalii ya kifahari katika Tsavo Magharibi iliyopewa jina lake, na wapenzi wa sinema watakumbuka kuwa mwaka 1985 Robert Redford wa Marekani aliigiza kama yeye, amepanda ndege, nywele zimejaa kichwani. (Finch Hatton wa kweli alikuwa na upara, na kofia haikumtoka. Wasomali walimwita Bedar kwa sababu ya upara huo.) Lakini ukimuuliza mtu wa Voi mtu huyu alifanya nini, atatazama juu, kisha atasema, alianguka na ndege. Na kusema kweli hajibu vibaya. Bwana huyu hakuoa, hakuandika kitabu, hakujenga daraja wala shule.

Nami nisingemshughulikia lau si mambo ya nyumbani kwangu. Nilipostaafu tuliondoka Mombasa, mtaa wa Kibokoni, tukahamia Voi aliko binti yetu na wajukuu. Nyumba ya Kibokoni ilikuwa ya ghorofa, ya marehemu mama, na imejaa vitu vya watu watatu waliotutangulia. Hapa Voi tulikuwa na vyumba viwili na ukumbi. Basi kwa muda wa miezi miwili mimi na dada yangu tulikaa sakafuni tukigawa: hiki kiende, hiki kibaki. Tuligombana kwa ajili ya sahani, tukagombana kwa ajili ya kandili lisilowaka tangu Uhuru. Nilifika Voi nimechoka kana kwamba nimebeba kila kitu kichwani. Ndipo jirani yangu mmoja, mwalimu, akaniazima kitabu cha yule mwanamke wa Denmark, Karen Blixen, kiitwacho Out of Africa, kilichochapishwa mwaka 1937. Aliniambia nisome kurasa za mwisho, pale nyumba inapofungashwa. Nilizisoma, halafu nikarudi mwanzo, na tangu siku hiyo nimetafuta kila nilichoweza kupata juu ya Finch Hatton.

Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1887, mtoto wa pili wa kiume wa mtu mkubwa wa Uingereza mwenye cheo cha Earl of Winchilsea. Katika desturi za wakubwa wale, cheo na majumba huenda kwa mtoto wa kwanza. Wa pili hupewa elimu na salamu. Alisomeshwa Eton, akaenda Oxford katika chuo cha Brasenose, ambako inasemekana alipendwa na kila mtu na hakujisumbua sana na vitabu vya mtihani. Mwaka 1911 akaja Kenya, wakati huo ikiitwa Afrika Mashariki ya Kiingereza, akanunua ardhi, akafanya biashara za hapa na pale. Hakuna aliyomfanya tajiri.

Vita Vikuu vilipozuka mwaka 1914, wilaya yetu hii ikawa uwanja wa mapigano. Wajerumani waliitwaa Taveta mwezi wa Agosti, na Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kupitia Maktau na Mbuyuni ili kuwafuata. Februari 1916 walishindwa vibaya pale kilima cha Salaita, na mwezi uliofuata ndipo walipoipata Taveta. Finch Hatton alianza vita pamoja na askari wa Kisomali katika kikosi cha rafiki yake Berkeley Cole, kisha akawa msaidizi wa Jenerali Hoskins, akafuatana naye mpaka Mesopotamia. Alipata nishani, na mwaka 1918 akaenda Misri kujifunza urubani. Mimi hapa husimama kidogo. Katika vita vile walichukuliwa wapagazi maelfu kwa maelfu, wale wa Kariakoo, wakabeba mizigo ya jeshi vichwani kupita nyika hii, na wengi mno walikufa kwa maradhi na njaa. Huwezi kuandika juu ya mtu aliyejulikana kwa mzigo mwepesi, katika nchi ya Taita na Taveta, bila kuwakumbuka waliobeba mizito.

Katika mwaka huo huo wa 1918, huko Nairobi, alikutana na Karen Blixen. Bibi huyu alikuwa amefika Mombasa Januari 1914 na kufunga ndoa papo hapo mjini kwetu, tarehe 14, na Baron Bror Blixen wa Sweden. Walikuwa na shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, eka elfu sita, mahali pa juu mno kwa kahawa. Ndoa ilivunjika, talaka ikatoka mwaka 1925, na Finch Hatton, ambaye alikuwa na nyumba yake Muthaiga, akahamishia vitu vyake Ngong. Tangu hapo hakuwa na maskani mengine ya kudumu huku bara. Uhusiano wao haukuwa wa ndoa, na msomaji wetu ataupima kwa mizani yake. Mimi naeleza yaliyokuwako.

Na vitu vyenyewe alivyohamisha ni vipi? Hapa ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Ni vitabu na gramafoni. Bunduki zake na vifaa vya kambi vilikuwa vitu vya kazi, maana kuanzia miaka hiyo riziki yake ilikuwa kuwaongoza matajiri mawindoni. Mwaka 1928, na tena mwaka 1930, alimwongoza mwana wa mfalme wa Uingereza, Edward. Lakini vya kwake mwenyewe, vya moyo, vilikuwa vile viwili. Bibi Blixen aliviwekea vitabu rafu nyumbani kwake. Gramafoni alimletea yeye, na kila atokapo safarini huja na santuri mpya. Wafanyakazi wa shamba walikuja kusimama karibu na nyumba wasikilize. Finch Hatton alipenda muziki wa kisasa wa wakati wake, bibi alipenda wa kale, wakabishana hivyo miaka.

Usidhani alikuwa sufii au mtu wa kujinyima. La hasha. Alipenda chakula kilichopikwa vizuri, mvinyo wao, mazungumzo ya usiku kucha. Usiku alipokuwapo Ngong, mito ilitandazwa sakafuni mbele ya moto, bibi akakaa kitako amekunja miguu kama Shahrazad wa Alfu Lela Ulela, akamhadithia hadithi ndefu alizotunga wakati yeye yuko porini. Alikuwa msikilizaji hodari. Siku nyingine alimfundisha bibi Kilatini, na mashairi ya Wayunani. Starehe zake zote, ukizihesabu, hazikujaza hata gari moja la ng'ombe: kitabu, santuri, hadithi, na baadaye ndege.

Hata mawindo yenyewe aliyapunguza. Kadiri miaka ilivyopita alianza kuwapendelea wateja wanaotaka picha kuliko wanaotaka pembe na ngozi, na mwaka 1929 aliandika katika gazeti la The Times la London kuwashutumu wale waliokuwa wakiwafukuza simba wa Serengeti kwa motokaa na kuwapiga risasi wakiwa wameketi ndani ya gari. Kwa mtu aliyekula kwa bunduki, hayo si maneno madogo.

Sasa niseme na upande wa pili, maana makala ya kumsifu mtu tu hayana chumvi. Wepesi wa Finch Hatton ulikuwa na wachukuzi wake. Vitabu vyake vilikaa kwenye rafu za mtu mwingine, vikapanguswa vumbi na watumishi wa mtu mwingine. Safarini alikuwa na Bilea, Msomali, aliyesimamia kambi yake. Nyumbani Ngong kila kitu kilikuwa mikononi mwa Farah Aden, Mwislamu wa Kisomali, mtu mwenye heshima na kilemba, ambaye alishika funguo na fedha za bibi kwa muda wa miaka kama kumi na saba. Ni rahisi kuishi bila masufuria ikiwa jiko la mwenzako linawaka. Watu waliomjua walimwita pia Makanyaga, kama anavyoandika rubani Beryl Markham, kwa kuwa ulimi wake uliweza kumkanyaga mtu. Kwa hiyo hakuwa malaika. Alikuwa bwana wa kikoloni aliyejua kuchagua.

Iko hadithi ya pete. Finch Hatton alimletea Bibi Blixen kutoka Uhabeshi pete ya dhahabu laini, ya namna ambayo huweza kukazwa au kulegezwa ikaenea kidole chochote. Bibi alikuwa na tabia ya kugawa. Akipewa kitu leo, kesho utakiona kwa mfanyakazi, na Finch Hatton alilalamika sana juu ya hilo. Wakati huo, mwanzo wa mwaka 1931, shamba limekwisha kuuzwa, na fundi wa chuma wa shamba, Kalasinga aitwaye Pooran Singh, alikuwa karibu kuondoka na kusikitika kuliko wote. Finch Hatton alimwona bibi akiitazama pete kwa jicho la kutaka kumpa fundi. Akaivua kidoleni mwake, akaivaa yeye, akasema ataishika mpaka Pooran Singh aondoke. Siku chache baadaye akaruka kwenda Pwani. Pete ikazikwa naye.

Kwetu sisi jambo hili halingetokea. Maiti wetu huvuliwa kila kitu, hata pete iliyokwama huondolewa kwa sabuni, naye akaenda na sanda yake. Nilipomsimulia dada yangu habari hii kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, hiyo pete ilikuwa ya nani basi? Sikuwa na jibu, na bado sina.

Nimesema bara hakuwa na nyumba yake mwenyewe. Pwani alikuwa nayo. Kama maili thelathini kaskazini ya Mombasa, kwenye kijito cha bahari cha Takaungu, alinunua kipande cha ardhi akajenga nyumba ndogo. Wenyeji wa Pwani hawahitaji kuelezwa Takaungu. Ni mji waliokwenda kukaa kundi moja la Wamazrui baada ya Seyyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837, wengine wakaenda Gasi. Bibi Blixen alipokwenda kukaa huko aliona magofu ya mawe ya kijivu, kisima, na miembe mikubwa. Nyumba ya Finch Hatton ilikuwa ya vyumba vichache vilivyoelekea baharini, mlango wazi usiku, mwezi ukiingia mpaka kitandani na maji yakipanda na kushuka chini ya jabali. Sijapata kusoma kwamba ilikuwa na samani za kutajwa. Bahari ilikuwa samani yake.

Katika miezi ile ya 1931 nyumba ya Ngong ilipoanza kuwa tupu, Finch Hatton alihamia Nairobi kwa rafiki yake Hugh Martin. Alizungumza na bibi juu ya kupanga nyumba mjini, wakaenda kutazama vinyumba vile vya kupangisha, vikamchukiza. Moyo wake ulikuwa kwenye hema au kwenye ile nyumba ya Takaungu. Ndege yake, aina ya Gipsy Moth, ilikuwa imeletwa kwa meli mwaka uliotangulia, na kwa kupitia angani Takaungu haikuwa mbali tena. Kadhalika alikuwa na shauri la kazi. Alitaka kujua kama makundi ya ndovu yanaweza kutafutwa kwa ndege, ili wateja wasitembee siku nyingi porini bure. Habari zilikuwa zimefika kwamba nyika ya Voi imepata kundi kubwa, na ndovu dume mmoja, mkubwa kupita kiasi, akitembea peke yake.

Bibi Blixen aliomba kwenda naye. Kwanza alikubali, kisha akakataa. Alisema njia ya kuzunguka Voi itakuwa ya taabu, huenda akalazimika kutua na kulala msituni, na atahitaji kumchukua mtumishi. Beryl Markham naye alialikwa, na mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, akamzuia bila kutoa sababu ya maana. Siku ya kuondoka Finch Hatton alifika Ngong kuaga, akaondoka na gari lake. Baada ya muda mfupi akarudi. Alikuwa amesahau kitabu cha mashairi, kitabu alichokwisha kumpa bibi, na sasa anakitaka kwa safari. Alisimama mguu mmoja juu ya gari na kidole ndani ya kitabu, akamsomea shairi moja walilokuwa wamelizungumza. Halafu akaenda.

Nimelifikiria sana jambo hili la kurudi. Mtu anakwenda Pwani kwa siku sita. Ana ndege isiyobeba uzito wowote wa maana. Mswaki haukumrudisha, wala kofia, wala risasi. Wakati mimi na dada yangu tunagawa vitu Kibokoni, hakuna kitu hata kimoja ambacho, kama ningekuwa nimefika stesheni na kukikumbuka, ningekirudia. Labda kimoja. Nitakitaja.

Takaungu alifika salama, lakini katika kutua pwani ile rafadha, yaani lile panga la mbele la ndege, liligonga matumbawe likapasuka. Akapiga simu ya maandishi Nairobi, akaletewa jingine na kijana wa kampuni ya ndege. Ilipokwisha kutengenezwa akamwambia kijana apande, arudi naye. Kijana yule alikuwa amezoea kuruka, na kila mtu alipenda kuruka na Finch Hatton. Alikataa kabisa. Akapanda Kamau. Walifika Voi jioni, wakalala, asubuhi wakaruka, na hayo mengine nimekwisha kuyasema.

Huko Ngong bibi alikuwa akimngoja siku hiyo hiyo ya Alhamisi. Alikwenda Nairobi kwa shughuli zake akaona watu anaowajua wanamgeuzia uso, madukani hakuna mwenye kumsemesha. Mwishowe Lady McMillan, baada ya chakula cha mchana, alimchukua kando akamwambia. Maiti ililetwa kwa treni kutoka Voi usiku, na asubuhi, kwenye ukungu na mvua, Bibi Blixen pamoja na Farah na Mnorwe mmoja rafiki wa shamba, Gustav Mohr, wakapanda vilima vya Ngong kutafuta mahali. Akazikwa tarehe 15 juu ya kilima, mahali paonapo nyika upande mmoja na nyumba ya shamba upande mwingine. Wasomali wake walikuwapo. Baadaye bibi na Farah walisimamisha kitambaa cheupe juu ya kaburi kipate kuonekana kutoka nyumbani, kisha wakayang'oa mawe meupe ya njia ya gari wakayapeleka kulizungushia. Baada ya bibi kuondoka nchini, Mohr alimwandikia kwamba Wamasai wameripoti kwa mkuu wa wilaya ya Ngong habari ya simba dume na jike, ambao huja asubuhi na jioni wakakaa juu ya kaburi lile. Ndugu yake mkubwa alijenga mnara wa mawe hapo.

Kamau sina la kumwandikia zaidi ya nililoandika. Katika vitabu vyote nilivyosoma ana jina moja na mstari mmoja.

Sasa turudi nyumbani kwa bibi, kwa kuwa hapa ndipo mwalimu jirani yangu alipotaka nifike. Bibi Blixen alikuwa na vitu. Alikuja mwaka 1914 na samani za kwao, vyombo vya fedha, bilauri, saa, mapazia. Kwa miaka kumi na saba ile nyumba ilikuwa Denmark ndogo chini ya Ngong. Alipofilisika alivipanga mezani vyombo vyake watu waje kuvitazama na kununua. Lady McMillan alinunua baadhi ya samani, zikawekwa katika maktaba ya McMillan, Nairobi. Vingine vikaenda huku na huku. Vitabu alivitia makashani, na viti vilipokwisha akawa anakaa juu ya makasha na kulia chakula juu yake. Chumba baada ya chumba kikawa wazi, sauti ikaanza kurudi ukutani, majani yakamea mpaka kizingitini.

Na hapo kikatokea kitu ambacho sikukitarajia. Aliipenda. Yeye na Farah walizunguka katika nyumba tupu, naye akaona kwamba hivi ndivyo walivyopaswa kuwa wakiishi siku zote. Aliifananisha nyumba na fuvu, kwa uzuri wake wa mfupa mtupu. Mataita wazee, ambao zamani walihifadhi mafuvu ya wakubwa wao katika mapango ya vilimani, wangemwelewa haraka kuliko mimi. Lakini na mimi nilimwelewa, kwani usiku wa mwisho Kibokoni, vitu vimekwisha kwenda, mimi na mke wangu tulitandika mkeka katikati ya ukumbi, upepo wa bandarini ukapita moja kwa moja kutoka dirisha hadi dirisha. Miaka arobaini ulikuwa umezuiwa na kabati.

Ila bibi alikuwa anapunguza kwa hiari ya nusu tu, na wako waliopunguziwa bila hiari hata kidogo. Juu ya shamba lile zilikaa familia za Wakikuyu, zaidi ya mia na hamsini, maskwota katika nchi waliyoijua kuwa ya baba zao. Shamba lilipouzwa kukatwa viwanja, ambavyo leo ni mtaa wa Karen, wao walitakiwa kuhama, na kila mtu atafute kwake. Hawakuomba wabakishiwe samani. Waliomba wakae pamoja. Kwa sifa yake, bibi alishinda katika ofisi za serikali miezi ile ya mwisho, mpaka akamwendea gavana mpya, na wakapewa kipande katika msitu wa akiba wa Dagoretti. Nadhani katika maisha yake yote ya huku hiyo ndiyo kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote, na aliifanya akiwa hana kiti cha kukalia.

Akaondoka mwezi wa Agosti 1931. Treni ya Mombasa, kama tujuavyo sote, haina njia isiyopita Voi. Farah alimsindikiza. Kwa hiyo walipita hapa, mtu na mtumishi wake, miezi mitatu baada ya ule moto. Katika kitabu hakusema lolote juu ya Voi katika safari hiyo. Anaeleza kituo cha Samburu tu, mbele ya Mackinnon Road, ambako treni ilisimama kunywa maji nao wakatembea juu ya jukwaa.

Huko kwao, Rungstedlund, kando ya bahari ya Denmark, aliishi mpaka alipofariki tarehe 7 Septemba 1962, akaandika vitabu vilivyompa jina duniani. Nyumba hiyo ni makumbusho tangu mwaka 1991, kama ile ya Ngong ilivyo makumbusho tangu 1986. Mwalimu alinionyesha picha. Nilizitazama kwa kioo cha kukuza, kutaka kujua mtu aliyeuza kila kitu alichukua nini. Lipo lile pazia la mbao la kukunja, lenye picha za masultani na Wachina, ambalo lilisimama karibu na moto usiku wa hadithi. Kipo kiti alichopenda kukalia Finch Hatton. Na lipo kasha, kubwa, la mbao nyeusi, limepigiliwa shaba, la namna tunayoijua sisi watu wa Pwani kwa kulala juu yake tukiwa watoto. Kasha hilo alizawadiwa na Farah.

Mama yetu alikuwa na kasha la njumu kama hilo. Alilitolea nguo za sikukuu, lilinukia udi na karafuu mpaka chini. Dada alitaka tulibakishe, mimi nikasema halitapita mlango wa Voi, na nilikuwa nimepima: upungufu ulikuwa nchi mbili. Nililiuza kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale. Wiki iliyopita nilishuka Mombasa nikaenda dukani kwake kuuliza. Aliniambia lilikwisha nunuliwa siku nyingi, na mnunuzi alilisafirisha kwa meli. Alikuwa mtu mwungwana, akafungua daftari lake kunitafutia. Mlikuwa na tarehe na bei tu.